Usiirudishe hiyo CD kwanza

Ndugu yangu, umesema umenunua mkusanyiko wa Robert Johnson, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, ule uliotolewa 1990, ukakuta mikwaruzo tele na nyimbo zinazojirudia, na sasa unataka kuurudisha dukani. Subiri.

Mikwaruzo ni ya santuri za zamani zenyewe. Alirekodi San Antonio mwaka 1936, kisha Dallas 1937. Usitegemee sauti ya leo. Na kule kujirudia si kosa: nyimbo ni 29, rekodi ni 41, maana baadhi aliziimba zaidi ya mara moja.

Tatizo (usinikasirikie) ni kuusikiliza wote kwa mkupuo. Santuri zile zilibeba kama dakika tatu kila upande. Mtu alisikiliza wimbo mmoja, akageuza. Anza na “Come On in My Kitchen”, ile rekodi ya polepole. Usiku, taa umezima. Katikati anaacha kuimba, anamuuliza mwanamke kama hausikii upepo unavyovuma, na gitaa linajibu kwa uzi mmoja unaolia kama upepo wenyewe. Mimi hapo vinyweleo hunisimama kila mara. Halafu weka ile ya haraka. Mtu yule yule, lakini ule ubaridi umetoweka.

Kiingereza chake kikikupita, kiache kipite. Fuata besi inavyotembea chini huku nyuzi za juu zikiimba. Utadhani wapigaji ni wawili.

Ukishindwa kabisa, tafuta lile toleo la awali la nyimbo zake, la 1961. Lina nyimbo 16 tu.