Kuonyesha sabgrupu ni nomali: acha kuilazimisha h irudi h

Mkuu, unauliza kwa nini pruvu yako (uthibitisho kwamba H ni nomali) imepigwa mkasi. Tukumbushane: grupu ni mkusanyiko wa vitendo vinavyounganishwa na kutanguliwa, sabgrupu H ni grupu ndogo ndani yake, na g ni chochote cha grupu kubwa. Eti umechukua h ndani ya H, ukaweka g mbele na kinyume chake nyuma, ukafuta g na kinyume, ikabaki h. Hapo ndo umekufa. Umezifuta kama zimekaa jirani wakati h iko katikati, yaani umeshajipa ruhusa kwamba grupu ni abeliani (nani atangulie haijalishi) na hakuna aliyekupa. Usijisikie vibaya, mimi mwaka wa pili nililia sapu (mtihani wa marudio) kwa kosa hilohilo.

Kilichonifungua ni viazi, sitanii. Julai, baridi ya Uyole, Mbeya, unaijua, nimekaa jikoni namenya, nikapanga vitatu kwenye ubao: kikubwa, kidogo, chenye jicho. g iwe kubadilishana cha kwanza na cha pili, h iwe cha mwisho kuja mbele, na H iwe mizunguko yote ya namna hiyo pamoja na kutogusa kitu. Nikafanya g, h, halafu g tena maana ndo kinyume chake yenyewe. Nikategemea h ileile, nakuta kikubwa kilichokuwa mbele kimeenda mwisho, mzunguko umegeuka! Sio h, ila bado ni mzunguko, bado imo ndani ya H. Nomali ni hiyo tu, itue popote ila isitoke nje ya H, kwa kila g.

Sasa chukua H ya kubadilishana cha kwanza na cha pili, pamoja na kutogusa kitu. h iwe huko kubadilishana, g iwe kubadilishana cha kwanza na cha tatu: g, h, g zinaishia kubadilishana cha pili na cha tatu, imetoka nje, sio nomali, kazi imeisha.

Kwenye pepa mimi natafuta njia ya mkato kwanza. H ikiwa nusu ya grupu, nomali moja kwa moja. Ikiwa keneli ya homomofizimu (vitu vyote ambavyo ramani inayotunza kuunganisha inavipeleka kwenye "kutogusa kitu"), pia: kwenye grupu la matriksi (majedwali ya namba) zenye kinyume, zile zenye ditaminanti 1 ni hivyo, maana ditaminanti ya g na ya kinyume chake ni namba, hizo ndo zinafutana kihalali. (Galois, mwanahisabati Mfaransa, aliyaona haya kabla ya kupigwa risasi 1832, ana miaka 20, sie na 23 tunalia sapu.)

Swali lako la pili, kama matriksi 2 kwa 2 za pembetatu ya juu (zenye 0 chini kushoto) ni nomali, usipoteze karatasi kupruvu. Chukua ile yenye 1 kote isipokuwa 0 chini kushoto, g iwe ya kubadilishana mistari, weka g mbele na kinyume chake nyuma, utaona ile 0 imepanda juu kulia: imetoka nje, sio nomali.