Maswali ya geji: joto la moshi, boost, presha ya oili na waya zake

Maswali yamekuja mengi kuhusu hizi geji za kufunga mwenyewe kwenye lori na pikapu. Nimechagua yale yanayogusa watu wengi.

Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, imefungwa tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa kwenye injini) hapa Arusha. Hela niliyonayo ni ya geji moja tu. Nianze na boost (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) au joto la moshi?

Joto la moshi kaka, na wala usiulize mtu mwingine. 1HZ imetoka kiwandani bila tabo, lita 4.2, silinda sita, pistoni zake hazikupangiwa huo moto wa ziada, na ukishafunga tabo fundi lazima aguse pampu aongeze dizeli la sivyo hutaona tofauti yoyote, sasa hapo ndo balaa linapoanzia maana dizeli ikizidi hewa moshi unapanda joto na wewe ndani hujui kitu, gari inavuta vizuri, temperecha ya maji iko pale pale katikati, unafurahia mlima. Aluminiamu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, pistoni inapona kwa sababu joto lake linachukuliwa na oili na ukuta wa silinda, ila ukiikalisha kwenye moto mkali dakika nyingi huo upoozaji hautoshi tena.

Mimi nakuambia hivi, kipimo kikiwa kabla ya tabo, mlima mrefu na mzigo mshale usikae juu ya 650, na ukiona 700 achia mguu hapo hapo. Rudisha gia moja chini, mizunguko ipande, hewa iingie ya kutosha, utauona mshale unashuka kwa macho yako. Wengi wanafanya kinyume, wanang'ang'ania gia kubwa na kukandamiza mafuta, hiyo ndo njia ya haraka ya kutoboa pistoni. Na ukifika, usizime hapo hapo, acha injini isilensa, yaani iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, mpaka geji ionyeshe karibu 150, tabo ipoe oili ikiwa bado inazunguka.

Fundi wangu anataka kuweka hicho kipimo cha joto baada ya tabo ili asifungue manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda), anasema ni kitu kile kile.

Sio kitu kile kile. Moshi ukipita kwenye tabo unapoteza joto, ukiwa na mzigo tofauti inaweza kufika nyuzi 100 mpaka 200, na haikai sawa, inabadilika kila unavyokanyaga mafuta, kwa hiyo hata ukisema nitajumlisha kichwani huwezi. Unataka kujua kinachotoka kwenye silinda, basi pima kabla ya tabo, pale njia za moshi zinapokutana kuelekea kwenye tabo.

Najua anachoogopa, bolti za manifoldi ya zamani zinakatika. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku kabla. Manifoldi ikishatoka afanyie kazi mezani: atoboe taratibu, biti aipake grisi nzito ili vumbi la chuma lishike kwenye grisi, kisha akate hesi kwa tapu akienda nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili chuma kikatike kisije kikabana, halafu apitishe sumaku ndani na kuosha kabisa. Kipande kidogo kikibaki kitaenda kugonga mapanga ya tabo. Kipimo chenyewe ncha yake iingie mpaka katikati ya njia ya moshi, isiguse ukuta.

Na kitu kimoja mafundi umeme wengi wanakosea, waya za kile kipimo ni za metali mbili maalum, usizikate wala usiungie waya wa kawaida wa shaba, geji itadanganya. Zikizidi urefu zizungushe uzifunge nyuma ya dashibodi.

Geji niliyoletewa kutoka Marekani imeungua siku ile ile ya kufunga. Gari ni Fuso, niko Makambako.

Pole sana mkuu. Fuso lako ni volti 24, injini ikiwaka alitaneta inapeleka karibu 28, na hizo geji za Marekani nyingi ni za volti 12. Angalia maandishi nyuma ya geji kabla ya kulipa, hata ukiwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, na muuzaji anakuambia inakubali zote.

Dawa ni kununua kibadilishaji cha 24 kwenda 12, kidogo tu kinatosha maana geji hazili umeme mwingi. Usikubali ile njia ya mkato ya kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hizo zimeungwa kwa kufuatana na zinachajiwa pamoja, ukiikamua moja tu, moja inakaa na njaa nyingine inajazwa kupita kiasi, utanunua zote mbili mapema. Umeme uchukue kwenye waya unaowaka ukifungua ufunguo, na fyuzi yake iwe ndogo, iwe karibu na pale unapoanzia waya.

Mimi ni mwanamke mwenye lori moja Nakuru, siendeshi mwenyewe. Injini imenoki mara mbili na dereva anasema hakuona chochote kwenye dashibodi. Nifunge nini?

Dada, inawezekana kabisa dereva anasema kweli, tusimkimbilie kumlaumu. Mshale wa temperecha wa kiwandani kwenye magari mengi umefanywa mzito makusudi, unasimama katikati kwenye joto la aina nyingi tofauti, ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Halafu maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na inaweza kuonyesha joto la chini wakati silinda hedi inachemka. Ndio maana nakusihi funga vitu viwili: presha ya oili na temperecha ya maji, zote zenye taa na kengele, na ukipata sensa ya kiwango cha maji kwenye rejeta ongeza. Kengele ndo muhimu, dereva wa usiku anatazama barabara.

Chukua geji ya umeme, sio ile inayoleta bomba la oili mpaka kebini, likipasuka ni oili ya moto miguuni mwa dereva. Fundi aangalie hesi: za Marekani na zile za gari nyingi za Kijapani zinafanana kwa macho, moja ina hesi 27 kwa inchi nyingine 28, inaanza kuingia vizuri halafu inakaza, akilazimisha anapasua. Atumie adapta. Na asizungushie sensa ile tepu nyeupe ya mabomba kupita kiasi, sensa nyingi zinapata erthi kupitia hesi zake, ukizifunika geji inacheza cheza.

Naweza kuchomeka kiungo cha T kwenye bomba la upepo wa breki ili nipate geji nzuri ya presha?

Hapana. Breki za tela na za kichwa usizichezee kwa ajili ya urembo, geji ya kiwandani ikifa weka mpya pale pale ilipokuwa.

Hilux yangu boost ilikuwa inafika baa 1.1 kwenye kilima cha kila siku, sasa haivuki 0.6 na inatoa moshi mweusi. Geji imekufa?

Geji yako nzima, inakuambia hewa inavuja. Dizeli inaingia ile ile, hewa imepungua, ndo huo moshi mweusi. Anza na kabomba kembamba ka geji yenyewe, kisha mipira mikubwa inayotoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza hewa) mpaka injini, ipapase kwa chini ambako huoni, mpira unapasuka zaidi pale klipu inapobana, na sehemu inayovuja mara nyingi ina ukungu wa oili wenye vumbi. Angalia na filta ya hewa. Mpaka uipate, endesha taratibu, usivute mzigo.