Mbona meya sikumpigia kura?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza viazi hapa Uyole. Mwanangu alinionyesha kwenye simu yule kijana mzaliwa wa Kampala, Zohran Mamdani, aliyeshinda umeya wa New York Novemba 4, 2025, watu wamepanga foleni kumpigia kura yeye mwenyewe. Mimi Oktoba 29 nilipewa karatasi tatu tu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya iko wapi? Na haya mambo ya ushuru na paa la soko linalovuja nimpelekee nani? – Mama Viazi, Mbeya

JIBU: Marahaba, mama. Hukunyimwa karatasi. Kwetu meya anachaguliwa na madiwani, tena lazima awe diwani mwenzao. Jiji la Mbeya lina kata 36. Madiwani wa kata hizo, wale wa viti maalumu na wabunge ndio wanaoingia ukumbini, wanapiga kura ya siri, kisha mmoja anavishwa joho na mkufu. Huyo ni wa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka, ndiyo maana fitina za unaibu meya haziishi.

Ila mimi niliyewahi kuwa mtendaji wa kata nakwambia: mpaka kikao hicho kinakaa, mambo yameshaiva. Chama chenye madiwani wengi hukaa chenyewe kwanza, na jina hupitishwa huko. Na waliomweka wanaweza kumwondoa. Waulize wa Iringa, madiwani wao walimng'oa meya mwaka 2020. Wewe mwananchi unasikia redioni.

New York walijitokeza zaidi ya watu milioni mbili, idadi ambayo haikuonekana kwenye uchaguzi wa meya tangu 1969. Sishangai. Meya wa kule ndiye bosi wa serikali ya jiji, anateua wakuu wa idara. Wetu ni mwenyekiti wa vikao. Anayeajiri, anayekusanya na anayelipa mafundi ni mkurugenzi wa jiji, naye huteuliwa na rais. Mimi ningependa meya tumchague wenyewe, lakini kumpigia kura mtu asiye na fungu mkononi ni kuchoshana foleni bure.

Sasa soko lako. Paa ni kazi ya ofisi ya mkurugenzi. Ushuru ni jambo jingine: unawekwa kwa sheria ndogo inayopitishwa na baraza la madiwani, kisha waziri wa TAMISEMI anaidhinisha. Mtoza ushuru mwenye mashine ya posi hawezi kukupunguzia hata shilingi, msigombane naye asubuhi yote. Mwenyekiti wa mtaa mliyemchagua Novemba 27, 2024 naye hana kura kwenye baraza.

Mtu wenu ni diwani. Mwendeeni mkiwa wauza viazi kadhaa, si wewe peke yako, maana mama mmoja huambiwa "nimekusikia" yakaishia hapo. Mpeni risiti za posi zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na picha za paa siku ya mvua. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo muwahini bajeti ikiwa bado inapangwa. Baraza likikaa, nendeni mkasikilize. Mwananchi anaruhusiwa kuingia, ila hapewi nafasi ya kusema. Diwani akiwaona mmekaa pale nyuma na vitenge vyenu, hoja yenu ataisimamia.