Barua kwa mwanangu: ndoa imevunjika, viza je?

Mwanangu Salma,

Salamu zimefika, na sote hapa Tanga hatujambo. Umeniuliza mawili: maadamu Idi amekupa talaka na kuhama nyumba, je, viza yako ya mke huko Uingereza bado inafaa mpaka mahakama ivunje ndoa? Na je, anaweza kweli kukufutia viza kama anavyokutisha?

La pili ni jepesi. Hawezi. Mwenye kutoa viza na kuifuta ni Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya huko, peke yake. Yeye anachoweza ni kuwaandikia kwamba hamko pamoja tena, basi.

La kwanza ndilo linalowaponza wengi. Talaka aliyoitamka huko Birmingham haivunji ndoa mbele ya sheria ya Uingereza. Huko ndoa huvunjwa na mahakama tu, na tangu kupeleka ombi mpaka hati ya mwisho ni wiki 26 kwa uchache: 20, kisha 6. Lakini viza haingoji wiki hizo. Viza inauliza kama bado mnaishi mke na mume, na mkishaachana moja kwa moja unatakiwa uwaarifu. Ingekuwa talaka rejea, uko edani na wazee wanasuluhisha, ningekwambia usikimbilie kuandika. Kwa ulivyonieleza, hapo hakuna cha kurejewa. Fomu ya kuarifu itakuuliza kama unakubali maelezo yako yaonyeshwe kwa mwenzio. Kataa.

Wakishapata taarifa hupunguza muda wa viza, kwa kawaida hukubakizia siku 60. Kama muda uliobaki ni chini ya hapo, aghalabu huuacha uishe wenyewe. Ndani ya muda huo ama utume ombi jingine ama uondoke. Siku inayohesabiwa ni ile uliyotuma fomu na kulipa mtandaoni, si ya kupigwa alama za vidole. Ukiwahi, haki yako ya kukaa na kufanya kazi inaendelea mpaka wakujibu.

Kwa hiyo kabla ya yote, leo hii, ingia kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Home Office. Fomu zako zote alizijaza Idi. Tazama barua pepe na namba ya simu zilizomo ni za nani. Zikiwa zake, barua ya siku 60 itaingia kwake, naye ataikalia kimya huku siku zinakwenda. Badilisha zote, na anwani, na nywila.

Najua unawaza kunyamaza kwa kuwa umebakiza miezi 8 kutimiza miaka 5 ya kuombea makazi ya kudumu. Usithubutu. Ombi la makazi ya kudumu kwa njia ya ndoa linataka uthibitisho kwamba bado mnaishi pamoja, na ukidanganya, doa hilo litakufuata kwenye kila ombi la baadaye. Ungekuwa umeshapata makazi hayo, talaka isingeyagusa.

Sasa, umegusia kwa mstari mmoja tu kwamba kadi yako ya benki alikuwa akikaa nayo yeye, na paspoti aliificha. Hilo si la kupita juu juu. Sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2021 inahesabu kumdhibiti mtu kwa pesa kuwa ukatili, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Ikiwa ndoa imevunjika kwa sababu hiyo, unaweza kuomba makazi ya kudumu sasa hivi, bila kungoja miaka 5 na bila mtihani wa Kiingereza. Asiye na uwezo huomba asamehewe ada. Aliyekwama kabisa huanza na ruhusa ya miezi 3 inayomfungulia misaada ya serikali, ila ikitoka hiyo viza ya mke inakufa, kwa hiyo ombi lenyewe la makazi ya kudumu liingie kabla miezi hiyo haijaisha. Kusanya taarifa za benki zinazoonyesha mshahara umeingia na kuhamishwa siku ileile, barua ya daktari kama ulimweleza, na jumbe za WhatsApp zenye tarehe. Usifute hata moja. Na asitokee mtu wa kukutungia zaidi ya yaliyokupata, maana tarehe zikigongana hata ya kweli hayaaminiwi.

Hilo likishindikana, kuna njia ya mzazi, yaani viza ya kukaa na mtoto wako. Mjukuu wangu ni raia kwa kuwa babake alikuwa raia alipozaliwa, na anaishi nawe. Hapo hutadaiwa kile kipato cha pauni 29,000 cha viza ya ndoa. Inatosha kuonyesha mnajimudu bila misaada. Ubaya wake, hesabu ya miaka 5 inaanza upya. Kuthibitisha kwamba wewe ndiwe unayemlea, barua ya chekechea isiseme tu kwamba mtoto anasoma pale. Iseme nani humleta, nani humchukua, na nani hupigiwa simu akishikwa na homa. Ile posho ya mtoto ya serikali usiiombe kwa jina lako maadamu viza yako inakukataza fedha za umma. Wengi hukimbilia hapo wakishaachwa, na kumbe wanavunja masharti.

Viza ya kazi inataka mwajiri mwenye leseni ya kuajiri wageni na mshahara wa pauni 41,700 kwa kazi nyingi. Kwa mshahara wako sioni kama itafaa.

Anayekushauri awe wakili au awe ameandikishwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji. Orodha yao iko mtandaoni, tafuta jina lake kabla hujatoa hata pauni moja. Kwa ombi la ukatili, asiye na uwezo hupata msaada wa kisheria unaolipwa na serikali, kwa hiyo liulizie hilo mwanzo.

Na harusi ya mdogo wako, usije. Ukitoka nje ya nchi ombi likiwa bado halijajibiwa, huhesabiwa umeliondoa mwenyewe. Tutakuonyesha kwa simu.

Mama yako