Fomu ya Django inahifadhi makala lakini lebo zinapotea

Swali: Nina modeli ya Makala yenye kichwa, maudhui, mwandishi na lebo, lebo ni uhusiano wa wengi kwa wengi. Fomu nimeiunda kwa ModelForm (darasa la Django, fremuweki ya Python ya kujenga tovuti, linalotengeneza fomu kutokana na modeli), mwandishi nikamwacha nje ili nimjaze mwenyewe baada ya `save(commit=False)`. Makala inaingia vizuri, ila lebo alizochagua mtumiaji hazionekani, na sioni kosa lolote. Nimekosea wapi?

Jibu: Lebo hazikai kwenye jedwali la makala. Zina jedwali lao la kiungo, na kila safu humo inadai namba ya makala na namba ya lebo. Ukiita `save(commit=False)`, makala bado haijafika kwenye hifadhidata, kwa hiyo haina namba. Django haiwezi kuandika kiungo cha kitu kisichokuwepo, basi inakuachia `save_m2m()`, inayoandika viungo hivyo, uiite mwenyewe. Usipoiita, haikukumbushi.

```
makala = fomu.save(commit=False)
makala.mwandishi = request.user
makala.save()
fomu.save_m2m()
```

Usibadilishe mpangilio huo.

Ila mimi kwa kazi kama yako nisingeandika hivyo. Ningeipa fomu makala ambayo tayari ina mwandishi:

```
fomu = MakalaForm(
    request.POST,
    instance=Makala(mwandishi=request.user),
)
if fomu.is_valid():
    fomu.save()
```

Hapa `save()` inahifadhi makala pamoja na lebo zake, na hakuna mstari wa kusahau.

Kuna mtego mmoja ambao njia zote mbili haziuondoi. Tuseme umeweka sharti kwamba mwandishi mmoja asiwe na makala mbili zenye kichwa kilekile. Kwa kuwa mwandishi hayumo kwenye fomu, Django hairuki tu kumkagua yeye, inaruka sharti zima. `is_valid()` itakubali, kisha hifadhidata itakataa kwa IntegrityError (kosa la kuvunja sharti la hifadhidata) mbele ya mtumiaji. Ukitumia njia ya pili, kagua mwenyewe ndani ya `clean()` ya fomu, maana `self.instance.mwandishi` tayari anajulikana. Unapotafuta makala yenye kichwa hicho, kumbuka kuitoa ile inayohaririwa, la sivyo itajikataa yenyewe.

Na kwenye `Meta`, darasa la mipangilio ndani ya fomu, taja nyuga moja moja katika `fields`. Tangu toleo la 1.8 Django hukataa fomu isiyo na `fields` wala `exclude`, lakini `'__all__'` (nyuga zote) bado inaruhusiwa, na siku utakapoongeza uga wa `imeidhinishwa` kwenye modeli, mtumiaji ataweza kujiidhinishia makala yake.