Ile picha ya samaki changu, ndimu na simu: fuateni mwanga kwanza, maana itakuja yenyewe

Mkuu umeweka picha ya mchoro wa rangi za mafuta uliouona kwenye maonyesho hapa Bagamoyo, meza kwenye giza totoro, changu mzima ndani ya bakuli la kauri la bluu na nyeupe, ndimu imemenywa nusu, glasi ya maji na simu yenye chaji 3%, ukauliza maana yake nini na unataka kuinunua. Wadau wakaanza, mara ushirikina, mara njaa. Mimi nachora mtindo huohuo kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Hilo giza si la uchawi, limetoka Ulaya enzi za mtindo wa sanaa unaoitwa baroko, miaka ya 1600 hivi, mchoraji Caravaggio wa Italia ndo alilipatia jina sana, mwanga mmoja unaingia kutokea pembeni vingine vyote vinamezwa, yaani jicho lako halina pa kwenda ila pale mchoraji anapotaka. Sasa fuata mwanga wa hii: umetokea juu kushoto, ukapiga tumbo la changu, ukapita kwenye ganda la ndimu ukaishia kwenye kioo cha simu. Anza hapo.

Ndimu wengi watakwambia ni uzuri wa nje na ukali wa ndani. Sawa, inasemwa hivyo, ila wachoraji wa Kiholanzi wa enzi hizo kina Willem Kalf na Pieter Claesz walivyochora malimau yenye ganda linaning'inia nje ya meza walikuwa pia wanaonyesha ufundi wa mkono, na kiukweli ni kazi, ule weupe wa ndani ya ganda ukipaka nyeupe tupu unakufa, unataka kijivu na njano kwa mbali. Huyu kaupatia.

Bakuli ndo limenishika. Kalf alichora sana bakuli za Kichina, zilikuwa zinaletwa na meli za kampuni ya Waholanzi iliyoanzishwa 1602, mali za matajiri. Lakini nenda hapo kwenye magofu ya Kaole, kwenye makaburi ya nguzo utaona vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za China, na hizo zilifika pwani yetu karne kadhaa kabla Kalf hajazaliwa. Kwa hiyo mchoraji wa Bagamoyo akiweka bakuli hilo mezani wala haigi Mholanzi, ni chombo cha kwao. Na kalimegua mdomo makusudi.

Halafu mtazame changu jichoni. Jicho angavu, halijaingia ndani, halijafanya ukungu, anayenunua samaki sokoni pale feri anajua huyo katoka majini asubuhi hiyo. Hajaparwa magamba, hajakatwa. Mpaka jioni na joto la huku atakuwa kaharibika, na simu nayo itakuwa imezima. Wale wa zamani waliweka fuvu, mshumaa unaoisha, saa ya mchanga, michoro hiyo wanaiita vanitas, imetoka kwenye ule "ubatili mtupu" wa kitabu cha Mhubiri kwenye Biblia. Huyu kaweka changu na chaji, vitu vyenye masaa tu, pamoja na bakuli ambalo limeona vizazi na limemeguka tu kidogo. Ndo maana yake kwangu, na aliyesema njaa simkubali, chakula kipo tele hapo, kinachokosekana ni muda.

Kuza picha uangalie glasi pia, dirisha lenye nondo limejitokeza humo. Waholanzi nao walificha madirisha kwenye glasi hivyohivyo.

Ukiinunua itundike ukuta ambao dirisha lako lipo kushoto ili mwanga wa nyumba na wa kwenye picha utoke upande mmoja, utaona inavyobadilika. Jua lisiipige moja kwa moja, na nyuma ya fremu weka vipande vya mbao hewa ipite, kuta za huku pwani zina unyevu na kanvasi inaota ukungu kwa nyuma bila wewe kujua.