Nikinywa maji mengi, miguu itavimba zaidi?

Swali: Shikamoo dada mkunga. Nina mimba ya wiki 28, uzao wa pili. Ni mama lishe hapa Temeke, nasimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa mchana. Tangu joto la Januari lianze miguu inavimba, na ikifika saa sita kizunguzungu kinanishika mbele ya jiko. Wenzangu wanasema nipunguze maji ili uvimbe uishe. Nimefanya hivyo, maana hata choo ni cha kulipia na kiko mbali. Wako sahihi? Au niache kazi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hawako sahihi. Leo hii rudi kwenye maji.

Uvimbe wa miguu hauletwi na maji unayokunywa. Mfuko wa uzazi umekua na unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Joto nalo linaitanua mishipa hiyo, halafu wewe umesimama kwa muda wa saa kumi mfululizo. Damu inatuama chini, na kichwani inafika pungufu; ndiyo maana miguu na kizunguzungu vimekuja pamoja. Ukipunguza maji unapunguza damu yenyewe, wakati mwili wa mjamzito unahitaji maji ya damu yaongezeke kwa karibu nusu. Na Dar unajua: jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Neno lililonishtua kwenye barua yako ni choo. Umelitaja kwa kupita tu, lakini nadhani ndilo linalokunyima maji kuliko ushauri wa wenzako. Maji kidogo na mkojo wa kubana huongeza hatari ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na UTI kwa mjamzito inaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Hela ya choo iweke kwenye mtaji kama unavyoweka ya mkaa, au elewana na mhudumu umlipe kwa wiki. Kisha kunywa kikombe kidogo kila baada ya nusu saa ukiwa kazini, yafike kama lita tatu kwa siku. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, hujanywa ya kutosha. Dafu ni zuri; soda isiwe badala ya maji.

Kazi usiiache, ila ibadilishe. Maharage yaloweke usiku yaive upesi, na mapishi mazito yaishe kabla jua halijapanda. Kukata vitunguu na kuchambua mchele fanya umekaa, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuanzia saa sita mwingine apakue na ainue masufuria. Kibanda kiwe wazi pande mbili, kwa sababu hata mkaa uliokolea usio na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako na ya mtoto. Kizunguzungu kikianza, kaa chini palepale mbali na jiko, usisubiri kumaliza kupakua. Kuangukia sufuria linalochemka ndiko kunakonitisha kuliko yote.

Lakini huenda si joto peke yake. Nenda kliniki wiki hii wapime presha, protini kwenye mkojo na wingi wa damu. Damu ikiwa chini ya 11 (gramu kwa desilita), una upungufu. Vidonge vya kuongeza damu usimeze na chai, huzuia madini chuma kuingia mwilini. Ukivimba uso au vidole vya mikono, kichwa kikauma sana au ukaona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku: inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Vivyo hivyo ukitokwa damu au maji, au mtoto akipunguza kucheza. Homa nayo usiseme ni jua, pima malaria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wewe uliyejiajiri hakuna wa kukulipa, na hilo linaniuma kila ninapompima mama lishe. Kwa hiyo anza sasa kumfundisha atakayeshika kibanda ukijifungua. Ukishapima presha, niandikie ilikuwa ngapi.